Mdomo wa Mpiga Tarumbeta

Jirani yangu Clarrie Trembath amelima miwa hapa Queensland, Australia, miaka hamsini, kofia kichwani, shati la mikono mirefu, mdomo wazi juani. Nani kati yetu aliwahi kupaka dawa ya kukinga jua mdomoni? Aliyejaribu tulimcheka. Kidonda kilipomtoka mdomo wa chini, mwaka mzima alisema ni mpasuko tu wa upepo. Mkaidi yule!

Kumbe saratani, na imeshazama. Daktari akampa njia mbili: wamkate nusu ya mdomo, au wamdunge dawa inayofanya nyama iungue ikiguswa na mwanga, kisha siku ya nne wamulike kidonda kwa mwale mwekundu wa leza. Hakuahidi kitu.

Clarrie hakuuliza kama atapona. Aliuliza kama atapiga tarumbeta. Tangu ndugu yake Ross auawe Vietnam, yeye ndiye aliyewapigia wafu wetu wa vita kila Aprili, kwenye ibada ya alfajiri. Akachagua mwanga, mwanzoni mwa Machi.

Wiki mbili alikaa ndani, mapazia yamefungwa, maana jua lingembabua. Nilikwenda kumtania.

"Umekuwa popo, bwana."

"Popo hana jirani mwenye makelele kama wewe."

Mkewe, Norelle, akanivuta jikoni. "Kamati ya ibada inataka kuweka kanda ya tarumbeta badala yake. Usimwambie, utamuua."

Nilimwambia. Mimi siri hainikai. Akasema, "Kanda ndiyo iliyozaliwa tumbo moja na Ross?"

Kufikia Aprili daktari hakuiona tena saratani, ila kovu lilikuwa bichi. Siku ya ibada tulisimama gizani mbele ya mnara wa wafu wa vita. Clarrie alianza vizuri, halafu kwenye noti ya juu sauti ikakatika. Hapa kwetu wimbo ule haurudiwi, ukiharibika, umeharibika. Mtu wa kamati akaanza kusogelea redio yenye ile kanda. Clarrie alipangusa damu kwa kiganja, akaanza upya, toka mwanzo. Safari hii noti ilitetemeka lakini ikapita. Mimi, bingwa wa kumcheka, nililia bila aibu.

Norelle alimwendea na leso. "Unatoka damu, mzee wangu."

"Achana nayo. Unadhani Ross kasikia?"

"Kasikia," alisema, akimfuta. "Mara mbili."