Maji Yaliyosimama Juu ya Chumba Chetu

Maji yalitudondokea kitandani mchana wa jua kali. Huko nje hakuna wingu hata la dawa.

Niliangalia dari nikaishiwa nguvu. Hata hamu ya kulaani sikuwa nayo.

Ngoja nieleze. Juu ya chumba chetu kuna sakafu ya zege iliyo wazi, tunakoanika nguo. Imevuja miaka nenda rudi. Nilipaka saruji, ikapasuka. Nikapaka rangi ya kuzuia maji, jua likaibabua. Nikamwaga lami kwenye nyufa, nikaishia kuchafua mashuka. Ukungu ukapanda ukutani, mtoto wetu akawa wa kukohoa.

Mke wangu akasema, "Likidondoka tone jingine, mimi na mwanangu tunakwenda kwa mama."

Hakuwa anatania.

Nikatafuta fundi wa kweli. Akabandua madudu yangu yote, akasawazisha upya kwa mteremko, akabandika mikeka ya lami ya kuzuia maji kwa moto wa gesi, ikipandiana na kupanda kidogo ukutani. Kisha akaziba tundu la kutolea maji kwa matambara, akajaza maji hadi kwenye vifundo vya miguu.

"Tunaijaribu. Yakae mpaka kesho. Chini kukiwa kavu, mmepona."

Nikashuka, nikalala. Sikumwambia mtu. Kuongea nako kulikuwa kazi.

Kesho yake ndiyo siku hiyo maji yalipotudondokea kitandani. Mke wangu alivuta begi, akaanza kukunja nguo za mtoto.

Nikapanda ngazi mbio. Juu nikamkuta baba yangu, tunaishi naye, suruali kaikunja hadi magotini, mtaimbo mkononi, anahema.

"Mwanangu, bahati yenu nipo! Bomba limeziba, maji yamejaa, nyumba ilitaka kutuangukia. Nimeyatobolea njia hapa sakafuni."

Alikuwa anatabasamu, masikini.

"Baba, tuliyajaza wenyewe. Tulikuwa tunajaribu."

Tabasamu likamwisha. "Sasa mimi ningejuaje?"

Nikamwita fundi.

Fundi akatia kiraka, tukajaribu upya. Safari hii baba alikaa juu akilinda, hata chakula nikampelekea hukohuko. Mke wangu alikuwa ameshaondoka.

Mvua kubwa ikaja. Dari kavu! Nikampigia simu mbiombio.

"Hakuna hata tone! Lile la siku ile ni baba alitoboa. Rudini."

"Najua," akasema. "Baba aliniambia kabla sijatoka, akaniomba radhi."

"Sasa uliondokea nini?"

"Nimelala chini ya maji usiku kucha, na hukuniambia. Sikuzote nayajua ya nyumba yangu kwa watu wengine. Nimechoka, mume wangu."

Simu ikakatika.

Ndugu zangu, lami inauzwa dukani na mafundi wapo. Ila unachofanya nyumbani, waambie unaolala nao, hata kama uko hoi. Mimi nina dari kavu, na kitanda kizima ni changu peke yangu.