Chai Aliyomwagiwa Mama

Mkwe wangu anaponda tangawizi mbichi jikoni, na harufu yake inanirudisha kijijini Mamba, kwa bibi aliyenilea. Kila alipokunywa chai yake ya tangawizi, kwanza alimwaga kidogo chini. Siku moja walitutembelea kina mama wa kanisani. Nilikuwa nimetoka kupata kipaimara, nikasema mbele yao, "Bibi, unamnywesha shetani!"

Wageni walicheka. "Ee, mchungaji wetu huyo!"

Bibi akanitazama. "Ni mama yako, mwanangu. Aliipenda chai yangu."

"Biblia inakataza!"

Kweli ile bado naiamini, ila ukali ulikuwa wangu. Bibi aliacha kumwaga. Akaacha pia kunisimulia habari za mama, aliyefariki akinizaa, nami niliona haya kumwuliza mpaka bibi naye akafa.