Kufuli Kwenye Swichi ya Mashine ya Maji

Watu wakiniuliza mkono huu umefanywa nini, wanapenda nijibu kwamba ilikuwa bahati mbaya. Katekista wetu alisema ni mapenzi ya Mungu. Sibishani na Mungu, lakini Mungu hakuwasha swichi. Aliyewasha ni msimamizi wetu wa mashine ya maji. Alinituma nikaze nyaya za mota, akaniambia amezima, halafu akawasha, eti simu za watu hazijajaa chaji. Jina lake siliandiki, ila mtaa wetu wote wa Nsemulwa wanamjua.

Ndivyo tulivyokuwa tunaishi pale. Yuniti za umeme zikiisha majumbani, watu wanakimbiza simu kwenye mashine, maana kule umeme upo muda wote. Msimamizi alivuta ekstensheni kutoka swichi ileile ya pampu, simu zikawa zinaning'inia ukutani kama popo. Fundi akizima kidogo tu, dirishani kuna mtu analalamika, na yule bwana hapendi wateja wake walalamike. Siku ile alipowasha, mimi nilirushwa nikapiga mgongo mlangoni. Vidole viwili mpaka leo havinyooki. Halafu yeye mwenyewe ndiye aliyenipa jina kazini: Shoti. Mwenyewe!

Niliendelea na kazi kwa sababu sina nyingine. Shule niliiacha darasa la tano nikaenda kulima mpunga na baba. Kwa hiyo nafagia, nafungua koki, nafunga koki. Waya sikugusa tena.

Sasa mwaka huu wakaleta sensa ya kupima maji yanayopita bombani. Yenyewe inafungwa kwenye bomba, chini kabisa ndani ya chemba, lile shimo linalopita bomba. Kisanduku chenye kioo cha namba, wanachokiita transmita, kinafungwa mbali, ukutani ndani ya nyumba ya mashine, maji ya mvua yasikifikie. Katikati zinapita nyaya mbili ndefu: mmoja unapeleka umeme wa kuiamsha sensa, mwingine unarudisha habari. Fundi alitoka Mbeya, mwanamke, kwa umri anazidiwa na binti yangu wa kwanza. Ilibidi yeye akae kwenye transmita, mtu mwingine aingie chemba apokee nyaya na kuzikaza.

Msimamizi akacheka. "Mchukue Shoti. Huyo na umeme wameshazoeana."

"Siingii," nikasema.

"Kwa nini, baba?" fundi akauliza.

Nikanyoosha mkono nikamwonyesha yule bwana. "Huyu ndiye aliyeniwashia nikiwa nimeshika. Na bado swichi iko kwake."

"Ya zamani hayo, mzee," msimamizi akasema. "Bado tu?"

Fundi alichukua testa akaijaribu kwenye soketi, ikawaka, kwa hiyo si mbovu. Akazima swichi kubwa, akatoa fyuzi, akarudi kugusa kila waya. Testa haikuwaka. Ndipo akatoa kufuli jekundu mfukoni mwa ovaroli, akalipitisha kwenye mkono wa swichi, akalibana.

"Ufunguo ni huu mmoja, baba. Shuka nao. Hata mimi siwezi kuwasha mpaka utoke humo."

Niliupokea ule ufunguo. Nikautia kwenye mfuko wa shati, nikafunga kifungo, nikashuka.

Pale kwetu aliye ndani ya chemba lazima aongee, ili walioko juu wajue yu hai. Wengine huimba. Mimi nililalamika: mbu, matope, msimamizi, matope tena. Juu wanacheka. Fundi ananipazia sauti dirishani: waya wa habari usiusogeze karibu na waya wa pampu, kila mmoja kwenye bomba lake la nyaya, la sivyo namba zitaruka ovyo. Uache ushuke tumbo kidogo kabla ya kuingia kwenye kisanduku cha sensa, maji yadondokee pale, yasiufuate ndani. Waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini, ukaze mpaka uvute usitoke. Nikavuta, haukutoka.

Nimeshika nyaya mbili, mmoja kila mkono, nikasikia chuma kinagongwa. Ka! Ka! Ni mkono wa ile swichi. Nilinyamaza.

"Fungueni hii!" Sauti ya msimamizi. "Watu wamekuja na simu zao!"

Mikono ilikataa kuachia, kama siku ile. Ka! Ka! Anatikisa kwa nguvu kabisa. Na hakuna kitu. Nyaya zimelala mikononi mwangu kama kamba za kufungia mbuzi.

"Baba, ongea!" fundi akaita. "Mbona kimya?"

"Nipo!" nikapiga kelele. "Mwambie atikise! Atikise mpaka achoke!"

"Wewe Shoti, lete ufunguo!"

"Ufuate huku matopeni, na hizo simu uje nazo!"

Wanawake waliokuja kuchaji wakaangua kicheko. Mmoja akamwambia, "Bosi, si ushuke?" Hakushuka. Nikamalizia skrubu taratibu, nikafunga kifuniko cha sensa, nikakaza mpira wa kuzuia maji, nikapanda ngazi mwenyewe.

Nilimpa fundi ufunguo. Akafungua, akarudisha fyuzi, akawasha. Pampu ikanguruma. Kwenye kioo namba zilikimbia juu na chini, halafu zikatulia. "Inasoma," akasema. "Asante, baba."

Nikakaa chini kwenye zege, nikacheka peke yangu. Sijamsamehe yule bwana, na sitaandika kwamba nimemsamehe. Alitikisa swichi akijua kuna mtu chini. Lakini nilikwenda nyumbani nikitembea kwa miguu yangu, na mke wangu aliponiona mlangoni bado nacheka akauliza kama nimekunywa.

"Nimetoka chemba," nikamwambia. "Pakua chakula."