Migongo ya Nishani

Mtaani walimwita Bwana Nishani, na wengi walimwita hivyo wakicheka. Alikuwa fundi kufuli. Mtu akija kuchongesha ufunguo na mfukoni hana kitu, fundi alimwuliza kama nyumbani hakuna nishani ya zamani. Ndivyo ukuta wa kibanda chake ulivyojaa nishani za shaba nyeusi, kila moja na sura ya kiongozi aliyeitoa: mwenye ndevu, mwenye kofia, na yule Mashavu aliyepinduliwa, ambaye picha zake zilishushwa ofisi zote, na watu wakajifanya hawakuwahi kumpigia makofi.

Ila Bwana Nishani alizitundika kwa namna yake: sura zilitazama ukuta, migongo ikatazama watu. Mgongoni ndiko kulikochongwa jina na kazi ya aliyetunukiwa. Mkunga. Dereva wa gari la wagonjwa. Mwalimu wa watu wazima. Ya marehemu mama yake, mfua nguo wa hospitali, ilining'inia juu ya jiliwa la kubania vyuma, nayo ilitoka kwa Mashavu. Fundi hakuwahi kuing'arisha. Weusi ule ulikuwa wa vidole vya mama.

Mkewe alizoea kusema kwamba ameolewa na muuza vyuma chakavu asiyeuza. Lakini afisa utamaduni alipoleta habari kwamba nishani zote zitawekwa kwenye ukumbi mpya wa mji, ndani ya kabati la kioo lenye jina la fundi, mke huyohuyo alimpigia shati pasi. Fundi alitembea mtaani kifua mbele. Waliomcheka sasa wangepanga foleni.

Afisa akarudi, akaagiza zigeuzwe, sura zionekane. Fundi akakubali. Zilipogeuzwa, Mashavu akajitokeza huku na kule, anatabasamu. Afisa akashusha sauti: huyu haingii ukumbini. Fundi akaomba hizo tu zibaki na migongo mbele. Ikashindikana. Kisha macho ya afisa yakatua mezani, kwenye tupa ya kusugulia chuma.

"Mzee wangu, tupa unayo, jiliwa unalo. Msugue sura tu. Majina ya mgongoni hatuyagusi."

"Sugua yaishe, baba watoto," mkewe akadakia kutoka mlangoni. "Huyo Mashavu alikupa nini?"

"Njaa," fundi akajibu. "Simtetei. Lakini mama alifua mashuka ya damu mpaka kucha zikamtoka, na siku moja tu aliitwa mbele akaambiwa ahsante. Leo mkimfuta aliyemwambia, kesho mtasema hakuambiwa."

"Basi ukumbi sahau," afisa akasema.

"Nimeshausahau."

Akavua lile shati, akabeba nyundo, akaanza kuzipigilia nishani nje, kwenye ukuta unaotazama barabara, migongo mbele, ya mama yake katikati. Watu wakasimama. Muuza mkaa akafuata herufi kwa kidole, akakuta jina la baba yake, akaita wenzake waje wasome.

Afisa alishusha kioo cha gari, akatangaza kwamba kesho atapita na askari, na asikute hata moja.

"Piteni mchana," fundi akamjibu, misumari mdomoni. "Maandishi ni madogo."

Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Mkewe, bado kanuna, akamwekea kiganjani nishani nyingine.