Mguu wa Mbuzi wa Mkwe Wangu

Kusoma nimeishia darasa la pili, lakini kula nimesoma mpaka mwisho. Nimezaliwa kandokando ya ziwa, nimelelewa na sato na dagaa na ugali wa udaga, na mpaka leo hapa Buhongwa ukinipa samaki nitakwambia kavuliwa jana au juzi. Kwa hiyo nikisema ugali wa Ulaya ulinishinda, msidhani naringa. Ulinishinda kweli, tena nusura unirudishe nyumbani kabla ya siku zangu.

Kitinda mimba wangu anakaa Ujerumani. Aliolewa hukohuko, na kijana wa Kihaya wa kule Bukoba, msomi, anafanya kazi za kompyuta. Harusi yenyewe ilifanyikia huko, ofisini, nusu saa wamemaliza, sisi tukatumiwa picha. Sasa alipojifungua, tena kwa kupasuliwa, akanipigia simu analia. Hana dada kule, hana shangazi, hana hata jirani wa kumshikia mtoto akaoge. Nikamwambia nakuja. Nikagawa kuku, nikamkabidhi jirani bustani yangu ya matembele, na kila aliyenisindikiza nilimwambia neno hilohilo: sirudi mpaka yule mtoto asimame dede na mimi namwona.

Nilifungasha dagaa, michembe na mwiko. Dagaa waliishia uwanja wa ndege. Kijana mwenye sare alifungua ule mfuko akaufunga upesi kama kakuta nyoka. Michembe aliigeuza, akainusa, akaiacha. Vile viazi vikishakatwa vipande na kuanikwa huwa kama vijiti, labda aliona hawezi kumzuia mtu kula kuni. Mwiko akauliza ni wa nini. Binti aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akamweleza, sijui alimwambiaje, wakacheka, nikapita.

Nyumba yao ni ya ghorofani, vyumba viwili vya kulala na chumba kimoja kikubwa ambacho humo humo jiko, humo humo meza, humo humo televisheni. Kupika ni mara moja, jioni, mkwe akishatoka kazini. Mimi nilikuwa nasonga ugali, nawaandalia mezani, halafu naingia chumbani kwangu na kufunga mlango. Kwetu mama mkwe haonekani anatafuna mbele ya mkwe wake. Hata sauti ya kutafuna kwake mkwe hatakiwi aisikie. Mama anangoja mwanaume ale amalize, ndipo naye anapelekewa chake. Ndivyo mama yangu alivyofanya, nami ndivyo nilivyofanya, na mkwe naye, mtoto wa watu mwenye adabu, hakuuliza.

Sasa chakula chenyewe. Unga wao wa mahindi ni laini kama poda ya mtoto, ukiusonga unateleza tu, hauna hata chenga moja ya kukuambia hili lilikuwa hindi. Maziwa ya mgando yana ladha ya sukari. Mboga zimefungwa kwenye karatasi, hazina mdudu hata mmoja, nikajiuliza, mboga ambayo mdudu kaikataa mimi nitaitakia nini?

Siku moja mwanangu akanipeleka dukani akaniambia mama nina zawadi yako. Akafungua friji kubwa, akanionyesha samaki. Sangara wa ziwani kwetu, anasema imeandikwa kwenye karatasi. Nilifurahi nikamsalimia yule samaki kwa Kisukuma mle dukani. Nikamgeuza namtafuta kichwa. Hamna. Mgongo hamna, mkia hamna, mnofu mtupu mweupe. Nikakumbuka mapanki, yale mafuvu na miiba wanayotuuzia sisi wa Mwanza kiwanda kikishachukua nyama. Kumbe nusu ya samaki naila nyumbani miaka yote, na nusu yake ilikuwa inaningoja huku. Tukaenda tukampika kwa nyanya na kitunguu. Nikapelekewa changu chumbani. Nilikuwa kama natafuna pamba.

Nikaanza kupungua. Gauni langu la kitenge likawa linazunguka kiunoni, mwanangu akalibana kwa pini nyuma. Wiki mbili baadaye akalibana tena, safari hii pini ikakaribia uti wa mgongo. Halafu akakaa kitandani kwangu, mtoto yuko kwenye titi, akasema maneno ambayo sikuyatarajia.

"Mama, nilikuita unisaidie, sikukuita uje ufie kwangu. Mwisho wa mwezi pini hii ikiwa bado iko hapa, nakukatia tiketi urudi."

Nikamwambia hamna wa kunirudisha. Akasema ndugu zake watamwambia nini mama akirudi kwenye sanduku. Nikamwambia sanduku lenyewe wataliona kubwa. Hakucheka. Yule binti anafanana na mimi kwa ukaidi, nikajua hatanii. Na mjukuu alikuwa ndiyo kwanza anageuka kifudifudi. Kusimama bado sana.

Nikasema sawa, kama shida ni unga, nitautengeneza mwenyewe.

Nikamtuma mwanangu muhogo. Akauleta, umepakwa nta mwili mzima kama mshumaa. Nikaumenya. Udaga, kwa asiyejua, ni muhogo unaoumenya, ukaurundika, ukaufunika mpaka uote ukungu, halafu unaukwangua, unauanika na kuutwanga. Ule ukungu ndio utamu wenyewe. Lakini unataka joto, na nje kulikuwa na theluji. Nikaangalia vile vyuma vya ukutani vinavyopitisha maji ya moto kupasha nyumba. Nikarundika muhogo kwenye beseni, nikaufunika kwa kanga na koti la zamani la mwanangu, nikausukuma nyuma ya mlango, ubavuni mwa chuma.

Siku ya tatu nyumba ilinuka. Mimi harufu ile niliipenda, niliisikia kama mtu ananiita kwa jina. Mkwe akawa anafungua madirisha, theluji inaingia, anakohoa, anafunga, anafungua tena. Siku ya tano nikafunua, ukungu mweusi umeshika vizuri kabisa. Nikaukwangua, nikauvunjavunja, nikauanika juu ya chuma kilekile. Ulipokauka nikausaga kwenye brenda ya matunda, kidogo kidogo, maana ilikuwa inaunguruma kama pikipiki mbovu, na kuchekecha nikachekechea kichujio cha chai.

Jioni ile nikasonga. Mwiko wangu ulijua kazi. Ugali ukaja na rangi yake ya vumbi, unavutika, unanukia. Nikawawekea na sangara wao asiye na kichwa, nikaingia chumbani nikafunga mlango. Nikawasikia. Mwanangu anacheka, anasema ladha hii ameisahau tangu yuko sekondari. Mkwe, Mhaya wa watu, mtu wa ndizi, anaomba aongezewe. Mimi mate yananijaa. Nikangoja. Wakala, wakaongea, wakanawa, ndipo changu kikaletwa, kimepashwa kwenye maikrowevu, kimeota ngozi juu kama ngoma.

Nikakata tonge. Nikakata la pili. La tatu likagoma.

Nilikaa na ile sahani mapajani nikaiangalia. Unga ni wangu. Mwiko ni wangu. Mkono ni wangu. Wenzangu wamekula mpaka wamekomba. Sasa imekuwaje? Nikajikumbuka Buhongwa, jinsi ninavyokulaga. Sinia moja, wajukuu wanne, jirani yangu akipita anaitwa anaketi, ugali unafuka moshi, unapeleka mkono unakutana na mkono wa mwenzio, unamsukuma, mnagombea kichwa cha sato. Tangu nifike Ulaya sikuwa nimekula mbele ya mtu hata siku moja. Nilikuwa nakula kitandani naangalia kabati.

Mwanangu alipokuja kuchukua sahani nikamwambia, "Si unga."

Akaniangalia, akaangalia mlango uliofungwa. Akakaa chini palepale sakafuni.

Mjue kwetu jambo hili lina dawa yake. Mkwe analeta mbuzi kwa mama mkwe, na siku hiyo mama anafunguliwa mdomo, wanaweza kula pamoja. Huyu wetu, kwa ile harusi ya nusu saa, hakuwahi kuleta, na hakuna aliyemwambia. Mwanangu akamweleza usiku uleule. Jumamosi yake yule kijana akatoka asubuhi kwenye baridi, akapanda treni mpaka mji wa pili kwenye bucha ya Wasomali, akarudi mchana na mguu wa mbuzi umefungwa kwenye gazeti. Akasimama mlangoni mwa chumba changu, macho chini.

"Shikamoo mama. Nimechelewa."

Nikamwitikia marahaba. Lakini sikuupokea. Mambo haya si ya mtu mmoja, nikampigia simu dada yangu mkubwa wa Kisesa, ndiye mwenye ukoo sasa. Nikamweleza. Akaniuliza mbuzi yuko wapi. Nikasema ni mguu. Akauliza mguu una kwato? Nikauchungulia. Hauna, umekatwa juu, mweupe kama mshumaa. Mkwe kasimama palepale na mguu wake, gazeti linaloa.

"Nchi yenyewe samaki hana kichwa," dada akasema, "wewe mbuzi wa kwato utampata wapi? Pokea ule, nyama isiharibike."

Nikaupokea kwa mikono miwili. Na mdomo wangu ulivyofunguliwa, kitu cha kwanza kilichotoka ni utani. Nikamwambia Wahaya mmesoma sana, kumbe kuhesabu miguu ya mbuzi hamkufika?

Kijana akacheka mara ya kwanza tangu nimjue. Akasema, "Mama, mitatu iko njiani. Inatembea polepole kwa sababu mmoja nimetangulia nao."

Tukaupika na mifupa yake. Nikasonga udaga, nikaumimina kwenye sinia la kuokea, nikaliweka katikati ya meza. Mkwe alikuja na uma. Nikamwambia weka chini hiyo, utamchoma mtu. Tonge lake la kwanza alilikata dogo kama la mtoto, na mimi sikuthubutu kumwangalia akitafuna, niliangalia dirishani. La pili nikasahau. La tatu mikono yetu ikakutana kwenye mfupa mmoja, akauachia, nikauchukua. Ugali ulikuwa na ladha. Hata yule sangara wa pamba, tulipompika wiki iliyofuata, alikuwa na ladha.

Udaga niliendelea kurundika nyuma ya mlango, na mkwe ndiye aliyekuwa ananifunikia na koti. Michembe niliichemsha na karanga, akala akasema ni mitamu kuliko ndizi, nikamwambia asirudie kusema hivyo Bukoba.

Mwisho wa mwezi mwanangu akaniita nisimame mbele ya kioo. Akapitisha mkono mgongoni mwangu, chini ya mtoto, anaitafuta pini, anapapasa, haipati. Nilikuwa nimeshaichomoa siku tatu kabla, imeanza kunichoma. Nikamwonyesha, iko kifuani, imeshikilia kanga niliyombebea mtoto mgongoni.

"Na tiketi?" nikamuuliza.

Akasema tiketi ya nini. Mtoto alisimama dede mwezi wa tano baada ya hapo, ameshika mguu wa meza, mkono mmoja una tonge.