Kavuo na Kostimu ya Harusi ya Mwanawe

Ukitaka kumkuta Kavuo akiwa na furaha, nenda sokoni siku balo, lile robota la nguo, linapofunguliwa. Katika soko la nguo la Butembo wako akina mama wengi wanaouza mitumba, na kila mmoja ana upande wake: huyu nguo za watoto, yule mapazia na mashuka. Kavuo ni mtu wa makoti na kostimu za wanaume. Kamba za balo zikishakatwa na nguo zikaanza kuvimba kama unga uliotiwa hamira, wenzake huruka na kunyakua. Yeye husimama akatazama kwanza. Kisha hupenyeza mkono mmoja ndani ya lile rundo mpaka kwenye kiwiko, uso ameugeuzia upande mwingine kabisa, na hutoa koti moja. Mara nyingi ni koti ambalo wengine wote walikuwa wanalikanyaga.

Ujuzi huo hakuupata sokoni. Alizaliwa Kipese, kule juu ambako ukungu huamka kabla ya watu na viazi huvunwa kwa vidole vilivyokufa ganzi. Huko koti si pambo. Baba yake alilima miaka kumi na minne ndani ya koti moja la sufu la mzungu asiyemjua, na siku aliponunua jingine alimfundisha binti yake jambo moja: mwagia bega maji kidogo, subiri, kisha tazama. Tone likizama, rudisha koti kwa mwenyewe. Tone likikaa juu, lipa upesi kabla hajabadili mawazo. Kavuo alikuwa na miaka minane, na ndiye aliyeshika kikombe. Mpaka leo mezani pake pana chupa ndogo ya maji. Wateja wageni hudhani ni ya kunywa.

Utepe wa kupimia hana. Humtazama mtu mabegani mara moja tu, kama mama anavyomtazama mtoto aliyerudi kutoka shuleni, na tayari ameshajua. Chini ya meza huwawekea watu nguo, na wenyewe hawajui kama wamewekewa: katekista mwenye bega lililoshuka, mwalimu mwenye mikono mirefu kupita kiasi. Akimwona mwenyewe anapita, humwita taratibu, "Papa, kitu yako ilishafika." Yule ambaye hakuagiza kitu chochote husimama, hujaribu, na huondoka nacho.

Kwenye barabara kuu ya Butembo, mwendo mfupi kutoka soko hilo, iko butiki ya Kakule. Ina sakafu ya vigae, taa zinazowaka mchana kweupe, kioo kirefu cha kujitazama tangu kichwa hadi kiatu, na sanamu tatu za plastiki zisizo na vichwa ambazo hubadilishwa nguo kila Ijumaa. Bidhaa nyingi za Kakule hutoka Dubai na China, mpya, karatasi zikiwa bado zinaning'inia shingoni. Lakini zile nzuri kuliko zote haziji kwa ndege. Kila Jumatatu alfajiri Kakule hupita kwa Kavuo kabla umati haujajaa, akachagua vipande viwili vitatu. Vikifika kwake hufuliwa, hupigwa pasi, huvishwa nailoni, na kutundikwa chini ya taa. Kavuo alijua hayo yote na hakuwa na neno. Alisema nguo ni kama binti: ikishaolewa, mjini itaitwa kwa jina la mumewe.

Sasa, Kavuo ana mwana mmoja wa kiume, Luc, anayefundisha hesabu katika shule moja ya sekondari ya Beni. Huko Beni Luc alimpata Myriam, binti wa Octave, mtumishi wa serikali aliyetumwa kutoka Kisangani miaka mingi iliyopita na hakurudi tena. Mahari yalikwisha kupelekwa kwa desturi ya Wanande, watu wa kwao Kavuo, yaani mbuzi, na Octave aliwapokea kwa heshima kubwa, kama mtu aliyekabidhiwa pikipiki asiyojua kuiendesha. Iliyobaki ilikuwa harusi ya kanisani.

Tangu Luc alipokuwa mtoto wa altareni, Kavuo alikuwa na ndoto moja: siku ya ndoa yake, nguo yake itatoka mikononi mwa mama yake. Wiki sita kabla ya siku yenyewe, ndoto hiyo ikatoka ndani ya balo kwa miguu yake. Ilikuwa kostimu ya bluu iliyokoza, karibu nyeusi, sufu laini, koti na suruali pamoja, mapacha ambao hawakutenganishwa njiani. Tone la maji lilikaa begani mwake kama jicho la samaki. Bitana ilikuwa imechanika kidogo kwenye mfuko wa ndani. Kavuo akaishona usiku uleule, kwa uzi wa kahawia kwa sababu mweusi ulikuwa umemwishia. Kisha akampigia Luc simu.

Luc akaeleza, polepole, kama anayeeleza hesabu ngumu kwa darasa la chini. Grady, kaka yake Myriam, alikuwa amefanya mzaha mbele ya familia nzima. Alisema watu wa Butembo wana majumba ya ghorofa, lakini kabatini mwao mmejaa nguo za kafa Ulaya, na kwamba bwana harusi akija na koti la marehemu yeye Grady atalisikia harufu tangu mlangoni. Watu walicheka. Luc naye alicheka, kwa kuwa hakujua la kufanya.

"Mama, siku zingine zote nitavaa ya balo," akasema. "Mais siku ile, hapana."

"Sawa, mutoto wangu," Kavuo akajibu, na akamuuliza kama mvua imenyesha Beni.

Alikaa na kostimu ile majuma mawili, imetundikwa nyuma ya mlango wa chumba chake. Kila alipofunga mlango aliiona. Jumatatu iliyofuata akamwuzia Kakule. Kakule alimwambia tayari ina mwenyewe, mnunuzi mmoja wa kakao wa Oicha. Kavuo akashukuru kwamba inakwenda mbali.

Siku kumi baadaye Luc alipanda kuja Butembo kutafuta nguo ya butiki, na akamwomba mama yake amsindikize, kwa sababu yeye ndiye anayejua vitambaa. Kavuo alivaa kitenge chake kizuri. Alipoingia kwa Kakule alivua viatu mlangoni kwa ajili ya vile vigae, na Luc akamwambia kwa sauti ya chini avivae tena.

Walianza na zile mpya. Ya kwanza ilikuwa ya kijivu yenye kung'aa; Luc alipokunja mkono, ikalia kama mfuko wa plastiki. Ya pili ilimbana kwapani. Ya tatu ilikuwa nzuri kwa mbali, lakini Kavuo aliinusa akaona inanukia gundi, akaigeuza ndani nje mbele ya wateja wengine, akavuta mshono kwa vidole viwili, na mshono ukafunguka kidogo ukamchekea. Kakule akaipokea. Luc alikuwa ameanza kutoka jasho. Hapo Kakule, ambaye ni mfanyabiashara na hataki mteja atoke mikono mitupu, akaingia chumba cha nyuma, akarudi na kitu kilichofunikwa nailoni.

"Hii imetoka Ulaya," akasema. Na hakusema uongo.

Kavuo aliitambua kabla nailoni haijafika kiunoni. Mnunuzi wa kakao alikuwa amenenepa, Kakule alimweleza baadaye; koti lilikataa kufunga. Sasa Luc alilivaa, na halikukataa kitu. Liliketi mabegani mwake, likashuka mgongoni bila kukunjana, mikono ikaishia pale hasa panapotakiwa. Luc akajitazama kwenye kile kioo kirefu, akainua kidevu, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu. Kakule akamtupia Kavuo jicho la kumsihi. Kavuo naye akaangalia sakafu. Alikwisha kuamua: atafunga mdomo wake. Mtoto amefurahi, nguo ni ileile. Kuna faida gani kushinda mashindano ya namna hii?

Luc akatoa simu mfukoni mwa suruali yake ya zamani ili aitie ndani ya koti, aone kama italiharibu umbo.

"Usiitie mu ule mufuko wa kushoto," Kavuo akasema, kama anavyowaambia wateja wake kila siku. "Uzi ungali mupya."

Koti lilikuwa bado limefungwa vifungo. Hakuna mtu aliyekuwa ameliona ndani.

Luc alifungua kifungo kimoja, kisha cha pili, akageuza bitana. Palikuwa na mshono wa kahawia, mfupi mfupi, umepinda kidogo upande wa juu. Mshono wa namna hiyo aliujua vizuri. Alikwenda nao shuleni miaka sita, makalioni mwa kaptula. Akamtazama mama yake kupitia kioo.

"Njo ile uliniambia mu simu?"

"Njo ile," Kavuo akasema. "Nilitaka kunyamaza. Mudomo umenishinda."

Kakule akajitetea hapo hapo, ingawa hakuna aliyemshtaki: aliifua, aliipiga pasi, aliiwekea taa, na taa zina bei yake. Kisha haya zikamzidi, akasema ataiachia kwa bei aliyoinunulia. Kavuo akakataa. Alimwambia kwamba mtu aliyefua na kungoja ana haki ya faida yake, na kwamba yeye hakuja pale kama Kavuo wa soko. Amekuja kama mama wa mteja. Baada ya kusema hivyo akaanza kubishania bei kama mama wa mteja, bila huruma, mpaka wateja wengine wakaacha nguo zao wakasikiliza.

Luc akavua koti, akalipa. Lakini Kakule alipoleta mfuko wa butiki, ule mgumu wenye jina la duka kwa herufi za dhahabu na kamba za kushikia, Luc aliupokea, na njia nzima aliubeba mbele yake ili herufi zionekane. Kavuo aliona. Akasema moyoni kwamba kijana ana haki ya kulinda uso wake mbele ya wakwe, na kwamba risiti ya butiki ni risiti ya kweli. Maneno hayo yalikuwa sawa kabisa, na hayakumsaidia kitu.

Harusi ilifungwa Beni, Jumamosi, misa ya saa nne. Asubuhi ile Kavuo ndiye aliyemfunga mwanawe vifungo, na hakuna aliyezungumzia nguo. Baada ya misa watu walihamia ukumbi wa parokia. Octave alikuwa amevaa suti ya rangi ya maziwa na leso iliyochomoza mfukoni, kama mtu wa Kisangani anayejua anatazamwa. Alizunguka meza akiwasalimu wageni, na alipofika kwa bwana harusi alisimama, akashika ukosi wa koti lake kwa vidole viwili, akausugua taratibu. Grady alikuwa karibu, akitafuna. Kavuo alikuwa amesimama nyuma yao na sahani ya wali mkononi.

"Kitambaa kama hii haiko tena mu butiki za huku," Octave akasema. "Uliipata wapi?"

Kavuo alijua jibu ambalo Luc angeweza kulitoa, na hata herufi za dhahabu angeweza kuzionyesha. Akatazama wali.

"Kwa mama," Luc akasema, na hakupunguza sauti. "Aliitoa mu balo, akaishona. Ni yeye alinivalisha tangu nizaliwe, na leo tena."

Grady aliacha kutafuna. Watu wa meza ya karibu wakamgeukia Octave waone uso wake utakwenda upande gani. Octave aliuachia ukosi, akaunyoosha pale alipoukunja, kisha akamgeukia Kavuo na kufungua kifungo cha suti yake ya maziwa, ambacho kwa kweli kilikuwa kinaomba msaada tangu asubuhi.

"Bokilo," akasema, kwa jina lile la wakwe alilotoka nalo kwao, "na mutu wa tumbo kama hii, kuko yake mu balo?"

"Mabega yako iko muzuri," Kavuo akajibu. "Tumbo tutaificha."

"Usimudanganye, bokilo," akasema Clémence, mkewe Octave, kutoka meza ya pili. "Hiyo tumbo, hata hema ya basoldati inaikataa."

Kicheko kikaanzia kwa akina mama kikaenea ukumbi mzima. Grady alicheka mwisho, akitazama sahani yake, na baadaye alionekana akimletea Kavuo soda bila kutumwa. Muziki ukapandishwa. Joto lilikuwa kali, na Myriam alikuwa anamvuta mumewe mkono waende kucheza. Luc akavua koti. Kiti chake cha bwana harusi, kilichofungwa riboni nyeupe, kilikuwa hatua mbili tu, lakini alizunguka nalo mpaka upande wa pili wa meza, akalivalisha kiti cha mama yake, akalinyoosha mabega, akaenda.

Kavuo akaketi, akiegemea mbele kidogo asilikunje. Akasogeza sahani yake mbali, mchuzi usije ukaruka.