Maneno Mapya ya Wadunguaji

Mwanzoni mwa 2008 nilikuwa nimerudi Nakuru kutoka Mai Mahiu, nilikochoka kupakia malori. Mchana nilishinda kwenye saiba, duka la intaneti, ya mzee mmoja Singasinga, nikicheza mchezo wa kufyatuliana risasi na rafiki yangu wa Rongai. Sote tulikuwa wadunguaji: unajificha mbali, unavuta lenzi, unalenga kichwa. Na tulikuwa na kelele. Dungua huyo wa dirishani, mmalize, asitoroke.

Mji ulikuwa umetoka tu kwenye vurugu za uchaguzi. Mama mmoja tuliyemwita mathe, aliyeuza nyanya chini ya dirisha letu, aliyasikia maneno hayo siku moja, akaacha kreti akakimbia. Baadaye aliichukua, akahamia ng'ambo ya barabara. Alikuwa jirani wa mzee kwa miaka mingi. Mzee alituambia, bila hasira, kwamba mathe asiporudi kufikia Jumamosi, ataufuta mchezo kwenye mashine zote. Nilienda kuomba msamaha. Mathe aliniuzia nyanya, akabaki ng'ambo.

Basi tukatafuta maneno mengine. Rafiki yangu, mtoto wa wakulima, ndiye aliyeanza. Kulala mahali pamoja ukisubiri adui apite kukawa kulinda mahindi. Kuvuta lenzi na kupiga papo hapo kukawa kupiga chafya. Kupiga bila lenzi kabisa kukawa kurusha jiwe, na hapo nilikuwa hodari kwa sababu sikuwa na subira. Adui akawa nungunungu. Nimecheza kwenye miji mingi tangu hapo, sijayasikia maneno hayo pengine.

Ijumaa tulikuwa tukicheza mmoja dhidi ya mwingine, na rafiki yangu alikuwa amelala juu ya paa la ghala kwenye skrini. Nikamkejeli kwamba analinda mahindi tangu asubuhi na hajaona hata nungunungu mmoja. Kivuli kikaingia dirishani. Alikuwa mathe.

"Mahindi ya wapi hayo?"

Rafiki yangu akamwonyesha skrini, akaeleza kwa aibu kwamba ni mchezo tu. Mathe akaegemea dirisha, akatazama kwa muda.

"Vile umelala, kijana, nungunungu watamaliza shamba yote. Mtu wa kulinda hutembea."

Rafiki yangu akamtii. Kwenye skrini akainuka, akapiga hatua mbili, nikamdungua. Mathe alicheka mpaka akashika kiuno. Mzee akamsogezea kiti, lakini mathe akasema hawezi kukaa ndani: ameshashusha kreti hapo chini ya dirisha, na kuna wateja wanangoja.